Mizunguko Elfu Mbili

Gari lisilo na injini halipati moto. Hilo halihitaji ufundi kulijua. Hata anayejua gari kwa kupanda tu analijua. Kwa hiyo siku Nati alipoegemea boneti ya gari la marehemu kaka yake, saa saba mchana, ndani ya banda lisiloingia jua, akakuta bati linaunguza, aliruka kando kwanza, akafikiri baadaye. Kisha akarudisha kiganja taratibu. Joto lilikuwa lile la gari lililotoka safari ndefu.

Akafungua boneti. Ndani hamkuwa na kitu ila nyaya na mabomba yaliyoning'inia. Injini yenyewe ilikuwa hatua sita kutoka pale, juu ya stendi, imefunguliwa nusu, na vumbi la miaka miwili liko juu yake. Akagusa magari mawili ya wateja yaliyokuwa ubavuni. Yalikuwa baridi.

Ndipo aliposikia: tk, tk, tk. Ule ni mlio wa tapeti iliyolegea ndani ya injini, na fundi yeyote angeutambua hata usingizini. Ulitoka kwenye ule uwazi wa boneti, mahali pasipo na tapeti wala chochote cha kugonga.

Tuseme ukweli, wengi wetu tungefunga banda, tukafunga na nyumba, tukahamia kwa shangazi. Nati hakuwa wa aina hiyo. Jina lenyewe alilipata akiwa na miaka mitatu, alipomeza nati ndogo ya kabureta, na nyumba nzima ikakaa siku mbili kuisubiri. Ilipotoka, baba yake aliiosha, akaifunga pale pale ilipokuwa ikihitajika, na mteja akaondoka na gari lake. Mtoto aliyelelewa hivyo hatishwi na mlio.

Baba alikuwa fundi, na aliwafundisha watoto wake wawili, wa kiume na wa kike, kwa pamoja. Alikuwa na sheria nyingi, lakini moja aliirudia kila siku ya Mungu: tundu huzibwa. Ukifungua injini, kabla hujaenda hata kunywa maji, ziba kila tundu kwa kitambaa safi. Vumbi lisiingie, nati isitumbukie, mende asijenge. Baba alipofariki, kaka aliendelea na sheria hiyo, mpaka ile wiki aliyokuwa akifufua gari lake mwenyewe, gari dogo la Kiingereza la zamani, lenye milango miwili na usukani mwembamba kama bangili. Alitoa injini, akaifungua, homa ikamshika siku ya Jumatatu, Alhamisi wakamzika. Katika msiba ule nani angekumbuka vitambaa? Injini ilibaki wazi, matundu yake yote yakitazama juu, kwa miaka miwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa injini hii ufa ulishampata mpangaji.

Nati aliposhusha boneti aliona kichwa cha mtu ndani ya gari. Alikuwa mama yake, amekaa kiti cha abiria, sahani imefunikwa mapajani, anatabasamu kuelekea kiti cha dereva.

"Mama, unafanya nini humo?"

"Fungua mlango taratibu," Mama akanong'ona. "Anazungumza."

"Nani?"

"Kaka yako."

Nati akainama. Mle ndani mlinuka sabuni ya unga iliyochanganywa na mafuta ya taa, harufu ya mikono ya kaka yake kila jioni, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya nywele zilizoungua. Sindano ya joto kwenye dashibodi ilikuwa imepanda hadi katikati. Na kwenye lile tundu jeusi palipokuwa na redio zamani, sauti ndogo ya mwanamume ikasema, kwa upole, "Nati, funga mlango. Unaniletea baridi."

Ilikuwa sauti ya kaka yake barabara. Machozi yalimtoka Nati kabla hajajua kama analia kwa hofu au kwa hamu. Kisha akaitazama ile sahani. Chakula kilikuwa hakijaguswa.

"Mama, mbona hujala?"

"Anasema cha nini? Yeye hasikii njaa, na anasema tukifanana tutakaa pamoja."

Sasa Nati akaelewa kwa nini nguo za mama yake zilikuwa zikimpwaya tangu mwezi uliopita, na kwa nini mifupa ya shingo ilikuwa imejichora. Alikuwa amejidanganya kuwa ni uzee. Alimshika mkono amtoe, akaona mkono wenyewe ni mwepesi mno. Akiendelea hivi, akawaza, mwezi ujao nitakuwa nachimba kaburi jingine.

*

Mjomba wao, ambaye huwa na ushauri kwa kila jambo isipokuwa mambo yake mwenyewe, alisema gari lichomwe moto. Lakini kwa kuwa yeye ndiye aliyemjua mganga, akatumwa kumleta. Mganga alikuwa mzee mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, hana makuu. Aliingia kwenye gari saa saba mchana, akafunga mlango, akakaa dakika kumi. Alipotoka shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Mwanangu," akamwambia Nati, "mimi kazi yangu ni kuwatoa majini kwenye watu. Huyu hajakaa kwa mtu bado. Kiti chake ni chuma."

"Basi tuchome," Mjomba akadakia. "Si nilisema?"

"Ukichoma nyumba, mpangaji hafi. Anahamia nyumba ya pili." Mganga akageuza macho kuelekea dirisha la jikoni, ambako Mama alikuwa amesimama. "Na nyumba ya pili imeshafunguliwa mlango."

Mjomba akanyamaza, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa muda mrefu.

"Atatokaje?" Nati akauliza.

"Nimemsikia anapumua. Niambie wewe unayejua mashine: ni kitu gani kinachoamua injini ivute pumzi lini na iitoe lini?"

Nati karibu acheke, maana jibu lilikuwa rahisi. Akampeleka kwenye stendi, akamwonyesha. Kemshafti: fimbo nene ya chuma, ndefu kama mkono, imelala ndani ya injini, ina vinundu vinane. Ikizunguka, kila kinundu kinanyanyua tapeti yake, kikombe kidogo cha chuma kilichokaa juu yake, na tapeti inafungua vali. Vali zikifunguka, injini inavuta. Zikifunguka nyingine, inatoa.

"Yumo humo," mganga akasema. "Itoe, weka nyingine. Lakini nikwambie: kiti kipya kikiwa kibichi, atakirukia. Kikishapata mwenyewe, hakikaliki tena."

"Kitakuwa kibichi kwa muda gani?"

"Hilo unaniuliza mimi? Fundi nani hapa?"

Akachukua mkoba wake akaenda zake. Mjomba alilalamika kuwa hata moshi hakufukiza.

*

Kemshafti ya kiwandani kwa gari lile haitengenezwi tena. Nati aliagiza ya mchonga vyuma mmoja wa mbali, anayezichonga upya kwa kipimo chake. Ilifika ndani ya sanduku la mbao, imezungushiwa karatasi yenye mafuta, pamoja na tapeti nane mpya, kopo la grisi nyeusi na karatasi ya maelezo. Maelezo yenyewe alikuwa akiyajua tangu utotoni. Tapeti za zamani usizitumie kamwe, zilishaoana na kemshafti nyingine. Paka grisi kila kinundu. Na ukiwasha mara ya kwanza, pandisha injini papo hapo hadi mizunguko elfu mbili kwa dakika, uishikilie hapo dakika ishirini, bila kuiacha ishuke. Katika dakika hizo vinundu na tapeti zinazoeana, chuma kinakomaa. Ukiiacha ingurume kivivu hata kidogo, mafuta hayarukii vinundu, vinalika, kazi yote imeharibika.

Dakika ishirini. Enzi za Baba, na baadaye za kaka, aliyehesabu dakika hizo alikuwa Mama. Alitoa saa ya jikoni, akasimama nayo mlangoni mwa banda kama refa, na hakuna aliyethubutu kugusa kitu kabla hajasema tayari. Nati akakunja ile karatasi. Sasa alijua kiti kinakuwa kibichi kwa muda gani.

Kwanza ilibidi atoe ya zamani. Aliifungua cheni, akaondoa sahani ya mbele, akavuta. Kwa kawaida kemshafti iliyolegezwa inateleza yenyewe. Hii haikutoka. Akavuta tena, na kitu fulani ndani kikavuta upande wake. Alifunga kamba, akaweka mguu kwenye stendi, akasema kwa sauti, "Mimi nimemlea mtoto wa mjomba aliyekataa kuacha ziwa. Wewe huniwezi," akavuta mpaka ikachomoka kwa mlio wa jino linalong'olewa. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa banda zima. Kinundu cha tano kilikuwa kimelika kabisa, kimechongoka na kung'aa kama kimelambwa. Aliibeba kwa matambara mawili maana ilikuwa moto, akaitumbukiza kwenye pipa la oili chafu nyuma ya banda. Oili ikatokota mara moja, ikatulia.

Mama alisimama pembeni akitazama, kando ya meza zilipowekwa tapeti za zamani.

Siku ya pili Nati aliingiza kemshafti mpya, nyeusi kwa grisi, kisha akaanza kutumbukiza tapeti moja moja kwenye matundu yake, akiizungusha kila moja kwa kidole kuhakikisha inacheza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ilikuwa na joto. Akaigeuza. Uso wake ulikuwa umebonyea katikati, unang'aa kwa kutumika. Ilikuwa tapeti ya zamani.

Akaingia nayo jikoni. Mama alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

"Mama, hii umeiweka wewe?"

"Aliniomba."

"Nani?"

"Unamjua. Amesema apate moja tu ya kushikia. Saba zako, moja yake. Ni ndugu yako, Nati."

"Iko wapi mpya?"

Mama akafungua pindo la nguo yake, akaitoa. Kumbe alilala nayo. Nati alikasirika mpaka masikio yakaziba. Alitaka kupiga kelele, lakini mama yake alikuwa mdogo mno pale kwenye kigoda, na sauti ilimtoka chini chini.

"Ulituzaa wawili, Mama. Mmoja amekufa, na mimi nilimlilia kama ulivyomlilia. Lakini mimi nipo. Nina njaa. Lini mara ya mwisho umenipikia mimi ukakaa ukala nami?"

Mchele ulimmwagika Mama mapajani. Akaanza kuuokota punje kwa punje.

"Ukiwasha," hatimaye akasema, "nitakuwa ndani ya gari. Kama ni mwanangu anaondoka, nitamuaga. Usiniambie nisimuage."

"Sitakwambia hivyo. Lakini utanisomea saa ya mizunguko. Mimi nitakuwa mbele, siioni."

Mama akaitikia kwa kichwa. Ile tapeti ya zamani Nati aliitupa pipani.

Kazi ya kupanga taimingi ilichukua siku mbili badala ya saa moja. Kwenye magurudumu ya cheni kuna nukta, na fundi mvivu hupanga nukta kwa nukta akaenda kunywa chai. Lakini kemshafti iliyochongwa upya haifuati nukta za kiwanda. Lazima upime kwa sahani ya digrii, ujue vali inafunguka lini hasa. Nati alipima. Akageuka kuchukua spana. Aliporudi cheni ilikuwa imeruka jino moja. Akapanga upya. Akapiga chafya, jino jingine. Mara ya tatu alichukua chaki, akaandika ukutani kwa herufi kubwa: NIMEKUONA. NAPIMA TENA. Akapima mara saba, mkono mmoja ukiwa juu ya cheni muda wote, akafunga bolti, akakunja kikufuli chake, akafunika. Nyuma ya banda pipa liligonga mara moja, kama mtu aliyekasirika.

*

Mjomba alishauri wawashe asubuhi, kukiwa na baridi. Nati akakataa.

"Nitamwashia saa yake."

Saa saba mchana, injini ikiwa imerudi ndani ya gari, Mama alikaa kiti cha dereva. Saa ya jikoni ilitundikwa kwenye msumari mbele ya macho ya Nati. Mjomba alishika ndoo ya mchanga. Nati alizungusha injini kwanza bila plagi mpaka oili ikapanda, akafunga plagi, akaweka kidole juu ya mkono wa kabureta, ule unaofungua mafuta.

"Mama, geuza swichi."

Injini iliwaka mara ya kwanza, kwa kishindo, na Nati akaipandisha pale pale.

"Soma!"

"Elfu mbili!" Mama akajibu, na katika sauti yake palikuwa na kitu cha zamani, kitu cha mlangoni mwa banda.

Dakika ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili vile vile. Ya tatu, tk, tk, tk ikaanza chini ya ngurumo, na ndoo ya mchanga ikatikisika mikononi mwa Mjomba ingawa miguu yake ilikuwa imetulia. Mjomba akakumbuka ghafla kwamba ameacha birika motoni, tena katika jiko lisilo lake, akaenda kuliangalia na hakurudi.

Dakika ya saba harufu ilikuja, sabuni na mafuta ya taa, halafu nywele. Dakika ya tisa joto lilipanda upande wa Nati peke yake, si joto la radieta, bali joto lililomzunguka kiunoni kama mtu aliyemkumbatia kwa nyuma, na sikioni mwake, karibu kabisa, kaka yake akasema, "Umekosea taimingi, Nati. Unaniharibia injini." Akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu, ila tambara lililokuwa juu ya meza lilikuwa likitembea lenyewe ukutani, likifuta maneno yake ya chaki, herufi moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Nilipima mara saba," Nati akasema. "Mama, soma!"

"Elfu mbili. Nati, ananiita."

"Msikilize, lakini soma."

Dakika ya kumi na mbili mkono wa kabureta ulianza kuwa mzito, kwanza uzito wa nati moja, kisha wa spana, kisha kama vile kuna kidole kingine upande wa pili kinachousukuma urudi, kidole chenye nguvu na chenye moto, na Nati akaongeza kidole cha pili, na cha tatu, akaegemea kwa bega, ngozi ya vidole ikianza kunata kwenye chuma na kutoa harufu ambayo sasa hakujua kama ni ya jini au ni yake mwenyewe, na kutoka ndani ya gari, kwenye lile tundu la redio, sauti ya kaka yake ilikuwa imeacha kunong'ona, ilikuwa inalia, inalia kama alivyolia ile Jumatano ya homa, ikisema Mama naungua, Mama niko humu ndani naungua, mwambie Nati ashushe, ashushe kidogo tu ingurume taratibu, ipumzike, kisha ataipandisha tena, Mama, kwani wewe hunipendi?

"Elfu moja na mia nane," Mama akasoma, akilia. "Elfu na mia sita. Nati, elfu na mia nne!"

"Nimeshika!" Lakini hakuwa ameshika. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Aliona mkono wa kabureta ukirudi, polepole, mbele ya macho yake, akajua kuwa mwisho umefika: chuma kibichi, na anayekisubiri. Mkono ukamponyoka.

Injini ikaanza kushuka. Ilishuka kama mtu anayesinzia. Na kutoka kwenye dashibodi pakasikika pumzi ndefu ya raha.

Halafu injini ikanguruma kwa nguvu mpya hadi boneti ikatetema.

Nati akachungulia pembeni mwa boneti. Kupitia kioo cha mbele aliona mama yake ameshika usukani kwa mikono miwili, amenyoosha mguu juu ya pedali ya mafuta, na uso wake ulikuwa na hasira ambayo hakuwa ameiona tangu Baba alipokanyaga mboga zake kwa gari la mteja.

"Umesema nini?" Mama alifoka kwenye tundu la redio. "Ashushe? Ipumzike? Kabla ya dakika ishirini?"

"Mama, naungua..."

"Mwanangu alikuwa fundi! Alimfukuza mteja bandani kwa kuachia mafuta dakika ya kumi na nane. Aliacha chakula kikapoa, akaacha mchumba wake amesimama kwenye jua, kwa sababu ya dakika ishirini! Mwanangu angeungua mpaka majivu, bado angesema usishushe. Wewe si fundi. Wewe si wangu!"

Kilio kikakatika, kama cha mwongo aliyekamatwa. Kisha sauti ikarudi, na haikuwa ya kaka tena, ilikuwa kama chuma kinachokwaruzwa kwa chuma.

"Mimi ni nani basi?"

"Sijui, na sina haja ya kujua. Nati! Dakika ya ngapi?"

"Ya kumi na tano!"

"Mizunguko elfu mbili," Mama akasema. "Nimeshika mimi."

Zile dakika tano zilizobaki gari liliruka juu ya springi zake, milango ikafunguka na kujifunga, sindano zote za dashibodi zikazunguka ovyo isipokuwa ile moja ambayo Mama hakuiondolea macho. Sauti iliomba, ikatukana, ikalia kama mtoto mchanga, ikamwita Mama kwa jina alilokuwa akiitwa na mumewe peke yake. Mama alikuwa akihesabu sekunde. Alihesabu kwa sauti kavu, kama mtu anayepima mchele, na mguu wake mwembamba haukutetereka.

"Tayari," akasema.

Nati akaitikia kwa kichwa. Mama akainua mguu polepole. Injini ikashuka, ikatulia, ikanguruma laini bila tk hata moja. Mle ndani mlinuka rangi iliyopata joto na viti vya zamani, basi. Nati akaja mlangoni, vidole vyake vimebabuka, akafungua.

Mama hakutoka. Alizima swichi, akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Sasa amekufa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nimechelewa miaka miwili."

Akalia, na Nati akapiga magoti chini, akalia naye, kilio cha sauti ambacho majirani walikisikia na kudhani kuna msiba mpya. Walipomaliza, Mama alijifuta kwa pindo la nguo, akavitazama vidole vya binti yake, akavipuliza kama alivyokuwa akimpuliza utotoni.

"Kuna chakula gani ndani?" akauliza. "Nina njaa."

*

Gari linatembea hadi leo. Mama hulipanda kwenda sokoni, na humkemea Nati akikata kona vibaya. Amerudisha mwili. Mjomba huwaambia watu kwamba ile siku alikuwepo mwanzo hadi mwisho.

Lakini ile kemshafti ya zamani bado iko ndani ya pipa nyuma ya banda. Hakuna aliyetaka kuitoa, na kumpelekea mtu mwingine ni dhambi. Baadhi ya siku, saa saba mchana, oili hutoa povu, na kwenye tundu la mfuniko sauti ndogo ya upole husema, "Mama. Mama, kuna giza huku."

Siku ya kwanza ilipotokea, Nati alitoka mbio bandani, spana mkononi. Alimkuta mama yake amesimama kando ya pipa, anasikiliza, kichwa kimeinama upande.

Mama akachukua kitambaa safi begani, akakikunja mara mbili, akakisokomeza kwenye lile tundu, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka sauti ikakatika.

"Tundu huzibwa," akasema, akaingia ndani kupakua chakula.